Kanisa moja, sheria tatu: Somo la Nyange kuhusu haki ya jinai

APRILI 16, 1994, tingatinga lililokuwa likitumika katika ujenzi wa barabara magharibi mwa Rwanda lilielekezwa kwenye kuta za kanisa la parokia ya Nyange, katika eneo la Kivumu, mkoa wa Kibuye wa wakati huo. Ndani ya kanisa hilo walikuwamo Watutsi wapatao 1,500, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, waliokimbilia hapo wakiamini kuwa nyumba ya Mungu ingewasitiri. Kuta ziliwaangukia. Waliojaribu kutoka waliuawa nje.

Aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo siku hizo alikuwa padri kijana, Athanase Seromba. Miaka kumi na minne baadaye, Machi 12, 2008, majaji wa rufaa wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Kimbari kwa Rwanda (ICTR), yenye makao yake Arusha, walimhukumu kifungo cha maisha. Walisema hakuwa mtazamaji, wala msaidizi tu wa wauaji. Kwa kuukubali uamuzi wa kulibomoa kanisa, na kwa kumwonyesha dereva upande ulio dhaifu wa jengo, yeye mwenyewe alitenda kosa la mauaji ya kimbari.

Kesi hiyo ilizungumzwa sana katika mitaa ya Arusha na katika magazeti yetu. Lakini kuna swali moja lililobaki nyuma ya vichwa vya habari, nalo bado lina uzito leo: padri anapotuhumiwa kumwaga damu, ni sheria ipi inayomhukumu? Ni ya nchi alimotenda kosa, ya mataifa yote kwa pamoja, au ya Kanisa lililompa daraja?

Jibu jepesi ni kusema kwamba zote tatu zinamhusu. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Uzoefu wa Rwanda unaonyesha kwamba sheria hizi tatu si ngazi za jengo moja ambapo mtu hupanda kutoka ya chini hadi ya juu. Kila moja inauliza swali lake. Hatari hutokea pale mmoja wa wenye mamlaka anapokaa kimya kwa matumaini kwamba mwenzake atalijibu swali lisilokuwa lake.

Sheria ya taifa

Tuanze na sheria iliyo karibu na wananchi. Baada ya Julai 1994 Rwanda ilikuwa na magereza yaliyofurika na mahakama zilizokufa, kwa kuwa majaji na wanasheria wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Agosti 1996 Bunge lilipitisha sheria maalumu iliyowagawa watuhumiwa katika makundi manne, kuanzia wapangaji wa mauaji hadi walioharibu mali. Kuanzia mwaka 2005, mahakama za jadi za gacaca zilienea nchi nzima, na hadi zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimesikiliza mashauri yanayokaribia milioni mbili.

Viongozi wa dini hawakusamehewa kufikishwa mbele ya sheria hiyo. Aprili 1999 alikamatwa Augustin Misago, Askofu wa Gikongoro, akashitakiwa mjini Kigali kwa kosa ambalo wakati ule adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Juni 15, 2000 mahakama ilimwachia huru. Alirudi jimboni mwake na kuendelea na uaskofu hadi alipofariki mwaka 2012.

Ikumbukwe pia kwamba Kanisa lilikuwa upande wa waliouawa vilevile. Mapadre na watawa wengi, hususan Watutsi, waliangamizwa pamoja na waumini wao. Juni 5, 1994, maaskofu watatu, akiwamo Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, waliuawa huko Gakurazo, karibu na Kabgayi, na askari wa RPF. Faili la kesi hiyo lilitoka Arusha likaachiwa Kigali, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani makapteni wawili na kuwapa kifungo cha miaka minane kila mmoja, ambacho kilipunguzwa katika rufaa kuwa miaka mitano. Wapo waliouliza kama uzito wa adhabu hiyo ulilingana na uzito wa kosa.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa sheria ya taifa. Nguvu yake ni kwamba iko karibu: mashahidi wapo, lugha ni moja, na hukumu inasikiwa na walioumizwa. Udhaifu wake ni kwamba aliyeshinda vita ndiye anayeshika ufunguo wa mahakama, na kumhukumu mtu wako si sawa na kumhukumu adui yako.

Sheria iliyo juu ya mataifa

Kwa sababu hiyo, Novemba 8, 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 955 la kuunda ICTR. Rwanda, iliyokuwa mjumbe wa Baraza hilo mwaka huo, ilipiga kura ya kulipinga, miongoni mwa sababu zake ikiwa ni kwamba mahakama hiyo isingetoa adhabu ya kifo. Ulizuka mkanganyiko ambao hadi leo unawatatiza wengi: mpangaji mkuu aliyefikishwa Arusha aliweza kupata kifungo cha maisha tu, ilhali mtu wa chini yake aliyehukumiwa Rwanda aliweza kupigwa risasi, kama walivyopigwa watu 22 mwezi Aprili 1998. Tofauti hiyo ilikoma mwaka 2007, Rwanda ilipofuta adhabu ya kifo.

Mahakama ya Arusha ilipewa kipaumbele juu ya mahakama za nchi zote. Ingeweza kudai mtuhumiwa popote alipo. Hata hivyo, haikuwa na polisi wake, ikategemea utayari wa mataifa. Seromba ni mfano mzuri. Baada ya mauaji alikwenda Italia, akawa akitoa huduma za kipadri katika Jimbo Kuu la Florence kwa jina jingine. Hati ya kumkamata ilipotolewa mwaka 2001, Italia ilisema haikuwa na sheria ya ndani ya kuiwezesha kumkabidhi. Mwisho wake yeye mwenyewe alijisalimisha Arusha, Februari 6, 2002.

Desemba 13, 2006 jopo la majaji wa awali lilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji na kumpa miaka 15. Ni katika rufaa ndipo kosa lake lilipopandishwa daraja na kifungo kuwa cha maisha. Kwa kanisa hilohilo la Nyange, mfanyabiashara Gaspard Kanyarukiga alihukumiwa miaka 30, na aliyekuwa mkuu wa eneo la Kivumu, Grégoire Ndahimana, miaka 25 baada ya rufaa. Aliyekuwa inspekta wa polisi wa eneo hilo, Fulgence Kayishema, aliyeshitakiwa tangu mwaka 2001, alikamatwa Afrika Kusini Mei 24, 2023, baada ya kutoroka kwa zaidi ya miongo miwili.

Mahakama hiyo haikumwonea kila aliyevaa kola ya kipadri. Padri Emmanuel Rukundo, aliyekuwa kasisi wa jeshi, alifungwa miaka 25, ikapunguzwa kuwa 23. Lakini Padri Hormisdas Nsengimana, mkuu wa chuo cha Christ-Roi mjini Nyanza, aliachiwa huru Novemba 17, 2009, baada ya majaji kuona kwamba ushahidi dhidi yake haukufikia kiwango kinachotakiwa. Wala si Wakatoliki peke yao waliofikishwa huko: Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003.

Nchi za Ulaya nazo ziliingia. Mwaka 2001, mjini Brussels, baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani watawa wawili wa Kibenediktini wa monasteri ya Sovu, Sista Gertrude na Sista Maria Kisito, wakapewa miaka 15 na 12. Ubelgiji ilitumia sheria yake ya mwaka 1993 iliyoruhusu mahakama zake kusikiliza makosa ya kivita popote yalipotendwa. Msemaji wa Vatican alionyesha kushangazwa na hukumu hiyo, kwa hoja kwamba uzito wa maovu ya wengi ulikuwa umetwishwa wachache. Kauli hiyo iliwauma manusura wengi.

Sheria ya Kanisa

Sasa tufike kwenye sheria ya tatu, ambayo wasomaji wengi huidhani kuwa ni mambo ya ndoa na sakramenti tu. Kanisa Katoliki lina sheria yake kamili ya jinai. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 una kitabu kizima, cha sita, kuhusu makosa na adhabu. Kanuni ya 1397 inamtaja muuaji waziwazi, na miongoni mwa adhabu anazoweza kupewa mkleri kwa kosa hilo ni kufukuzwa kutoka katika hali ya ukleri. Kanuni ya 1717 inamtaka askofu, mara apatapo habari za kosa zinazoelekea kuwa na ukweli, afanye uchunguzi wa awali. Hakuna mahali inaposema asubiri kwanza polisi.

Tatizo liko kwenye ukomo wa muda. Katika sheria ya kimataifa, kosa la mauaji ya kimbari halizeeki: muuaji wa mwaka 1994 anaweza kushitakiwa hata akiwa na miaka 90. Katika sheria ya Kanisa ya wakati ule, kanuni ya 1362 ilisema mashitaka ya kuua yanakufa baada ya miaka mitano. Msomaji na apige hesabu. Kosa lililotendwa Nyange Aprili 1994 lilifikia ukomo wake wa kikanisa Aprili 1999. Mwaka huo Seromba alikuwa bado yuko Italia, na Arusha ilikuwa haijatoa hata hati ya kumkamata. Saa ya Kanisa ilisimama kabla saa ya dunia haijaanza kugonga.

Mabadiliko yalikuja Mei 2021, Baba Mtakatifu Fransisko alipotangaza upya kitabu cha sita, kikaanza kutumika Desemba 8 mwaka huo. Sasa inatamkwa bayana kwamba mkleri muuaji anaweza kufukuzwa ukleri, na muda umesogezwa kuwa miaka saba. Ni hatua, lakini ni fupi. Miaka saba si kitu mbele ya uhalifu ambao watendaji wake huvuka mipaka na kubadili majina. Zaidi ya hayo, sheria mpya haiangalii nyuma.

Wapo watakaosema kwamba Kanisa haliwezi kurefusha muda kwa kuwa sheria yake ni ya huruma. Hoja hiyo haisimami. Kwa makosa ya kuwadhalilisha watoto kijinsia, mwaka 2001 Kanisa liliyapeleka mashitaka Roma na kuweka ukomo wa miaka 10 tangu mwathirika afikishe umri wa miaka 18, na mwaka 2010 ukawa miaka 20, na Roma ikabaki na uwezo wa kuuweka kando. Kwa hiyo Kanisa linapoona kwamba kosa ni zito kupita mengine, linajua namna ya kuirekebisha sheria yake. Swali ni kwa nini kuangamiza kabila zima hakumo katika orodha hiyo ya makosa mazito.

Lakini ipo kanuni nyingine ambayo haifahamiki sana, nayo haijui ukomo wa muda. Kanuni ya 1041, ikisomwa pamoja na ya 1044, inasema mtu aliyeua kwa makusudi, na wote walioshiriki kwa vitendo, wanakuwa na kizuizi cha kudumu cha kutumia daraja takatifu. Hiyo si adhabu, ni hali. Haifi kwa kupita miaka, na ni Kiti Kitakatifu peke yake kinachoweza kuiondoa. Maana yake ni kwamba, kwa sheria ya Kanisa lenyewe, mkono uliosaidia kubomoa kanisa juu ya vichwa vya watu haustahili kuinua kikombe altareni, awe amefungwa au hajafungwa.

Mtu mmoja, majibu matatu

Namna sheria hizi zinavyoweza kupishana inaonekana katika suala la Wenceslas Munyeshyaka, aliyekuwa padri wa parokia ya Familia Takatifu mjini Kigali. Alikwenda Ufaransa, akakamatwa huko mwaka 1995 na kuachiwa, huku uchunguzi ukienda kwa mwendo wa konokono. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlalamikaji alipeleka shauri Strasbourg, na Juni 8, 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Ufaransa ilikuwa imevunja haki yake kwa kuichelewesha kesi kupita kiasi.

Novemba 2006 mahakama ya kijeshi ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha bila yeye kuwapo. Arusha nayo ilimshitaki mwaka 2005, kisha mwaka 2007 ikaikabidhi kesi yake kwa Ufaransa. Oktoba 2015 majaji wa Paris waliifuta kwa kukosa ushahidi wa kutosha, uamuzi uliothibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2018 na mahakama ya juu mwaka 2019. Kwa sheria ya Ufaransa, basi, hana hatia, na hatuna budi kuliheshimu hilo.

Machi 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alimfukuza kutoka katika hali ya ukleri. Sababu haikuwa damu. Ilikuwa ni kwamba alikuwa amekiri kisheria kuwa baba wa mtoto.

Mtu mmoja: Kigali ana hatia, Paris hana kesi ya kujibu, Roma si padri tena kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya kila mmoja ilifuatwa. Lakini manusura aliyekaa miaka ishirini na tisa akingoja kuambiwa ukweli, ameambiwa nini? Na padri mwenyewe, kama kweli hana hatia, ni nani katika Kanisa lake aliyelisafisha jina lake hadharani?

Fundisho la Nyange

Hapa ndipo lilipo somo ambalo mwandishi wa makala haya anaona halijazingatiwa vya kutosha. Mashauri ya wazi hayamsaidii mwathirika peke yake. Yanamsaidia pia mtuhumiwa asiye na hatia. Askofu Misago alitoka mahakamani Kigali akiwa na karatasi ya hukumu mkononi, na Padri Nsengimana alitoka Arusha vivyo hivyo. Ushahidi dhidi yao ulisomwa, ukapimwa, ukaonekana umepungua. Kimya hakiwezi kumpa mtu karatasi ya namna hiyo. Kimya humwacha mwovu akiwa amejificha na mwema akiwa ametuhumiwa, wote wawili chini ya blanketi moja.

Viongozi wa Kanisa wamesema maneno mazito. Machi 1996, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia Wanyarwanda kwamba Kanisa kama Kanisa haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini waliokwenda kinyume cha Injili, lakini waliokosa lazima wawe na ujasiri wa kuyakabili matokeo ya matendo yao. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa niaba ya Wakristo walioshiriki. Machi 20, 2017, Papa Fransisko, akiwa na Rais Paul Kagame mjini Vatican, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake, wakiwamo mapadre na watawa.

Hata hivyo, kuomba msamaha ni jambo moja na kutoa hukumu ni jingine. Toba husemwa kwa wingi, lakini kosa hutendwa na mtu mwenye jina. Kama kweli wakosaji ni watu binafsi wala si Kanisa, kama alivyosema Yohane Paulo wa Pili, basi ni wajibu wa Kanisa lenyewe kuwataja watu hao kwa sheria yake na kueleza limewafanyia nini. Bila hivyo, hoja ya kwamba Kanisa halihusiki inabaki kuwa ngao.

Upo utetezi kwamba mahakama za dunia zimekwisha kuifanya kazi hiyo. Ni kweli kwamba kanuni ya 1344 inamruhusu hakimu wa Kanisa kupunguza au kuiacha adhabu iwapo mkosaji ameadhibiwa vya kutosha na serikali. Lakini kanuni hiyo inazungumzia adhabu, haizungumzii ukweli. Jela ya Benin, alikopelekwa Seromba mwaka 2009 kutumikia kifungo, inaweza kuutunza mwili wake. Haiwezi kuwaambia waumini wa Nyange kama mtu aliyewabatiza watoto wao bado anahesabiwa kuwa mchungaji.

Mambo matatu yanawezekana bila kuligusa fundisho lolote la imani. La kwanza, mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya binadamu yaingizwe katika orodha ya makosa mazito yaliyo chini ya Roma, na ukomo wa muda uondolewe. La pili, mahakama halali ya nchi au ya kimataifa inapomtia hatiani mkleri kwa makosa hayo, Kanisa litangaze hadharani, kwa muda usiozidi kipimo kinachojulikana, hali yake ya ukleri ni ipi. La tatu, padri anayehama kutoka nchi yenye vita asipewe parokia ugenini mpaka askofu anayempokea ajiridhishe kwa maandishi kuhusu alikotoka na jina lake halisi. Kama hili la tatu lingekuwa linafuatwa miaka ile, Florence isingempokea mtu kwa jina lisilokuwa lake.

ICTR ilifunga milango yake Desemba 31, 2015, baada ya kuwashitaki watu 93. Kesi zilizobaki zilirithiwa na taasisi ya masalia ya mahakama hiyo, iliyojengewa jengo Lakilaki, nje kidogo ya Arusha. Sheria ya mataifa, pamoja na upungufu wake wote, imesema neno lake juu ya Nyange. Sheria ya Rwanda nayo imesema lake. Iliyobaki ni sheria ya tatu, ile ambayo waliokimbilia ndani ya kanisa siku zile walikuwa na imani nayo kuliko nyingine zote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kanisa lililopoteza wana wake wengi kiasi kile, kwa kuuawa na kwa kuua, halina cha kupoteza kwa kusema kweli. Watu 1,500 wa Nyange hawakukimbilia ukumbi wa mahakama. Walikimbilia kanisani, na ni haki yao kusikia jibu kutoka huko.